Meza ya maziwa: mwongozo kamili wa staftahi ya Kiisraeli ya sikukuu, nyumbani kwako

Hoteli za Tel Aviv na Yerusalemu hutandika asubuhi meza ndefu isiyo na kipande cha nyama. Kuna saladi za aina kadhaa, jibini laini na ngumu, mtindi, zeituni, mikate, samaki wa chumvi na mayai ya kila namna. Mgeni aliyezoea soseji huizunguka meza mara mbili akizitafuta. Hazipo, wala hazitaletwa. Sheria ya chakula ya Kiyahudi, inayotokana na lile agizo la Kutoka 23:19 la kutomtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, hairuhusu nyama na maziwa kukutana katika mlo mmoja. Mlo wa asubuhi ulichagua maziwa.

Mtindo wenyewe ulikomaa kwenye vijiji vya ushirika vya wakulima viitwavyo kibbutz. Cha kwanza, Degania, kilianzishwa 1910 kusini mwa Ziwa Galilaya. Wanakijiji waliingia shambani alfajiri, wakafanya kazi saa kadhaa, kisha wakarudi kwenye bwalo la pamoja kula walichovuna na kukamua wenyewe: matango, nyanya, mayai, jibini. Baadaye hoteli zikauchukua mlo huo na kuunenepesha.

Vyakula vyenyewe vina wazazi wengi, na ni haki kuwataja. Labane (mtindi uliochujwa), zaatari (majani makavu yaliyochanganywa na ufuta) na saladi ya kukatakata vilikuwa mezani kwa Wapalestina na majirani zao muda mrefu kabla ya dola ya Israeli kuundwa 1948. Shakshuka, mayai yanayoivia ndani ya mchuzi wa nyanya, ilifika na Wayahudi wa Afrika Kaskazini, hasa Tunisia na Libya. Bilinganya na yai la kuchemsha kwa asubuhi ya Sabato ni kawaida ya Wayahudi wa Iraki. Pilipili ya kijani ya zugi ilitoka Yemen, pamoja na watu karibu 49,000 waliosafirishwa kwa ndege kati ya 1949 na 1950.

Sikukuu inayoifaa meza hii kuliko zote ni Shavuoti, ile ambayo Biblia ya Kiswahili huiita Sikukuu ya Majuma. Huja siku hamsini baada ya Pasaka, na Pentekoste ya Wakristo imetokana nayo. Mwaka 2026 inaanza jioni ya tarehe 21 Mei. Ni desturi kula vyakula vya maziwa siku hiyo, na wengi hukesha usiku kucha wakisoma Torati. Aliyekesha haamki saa kumi na mbili kutafuta chai. Anakula saa nne au saa tano, tena anakula vizuri, na hapo staftahi na chakula cha mchana vinakuwa kitu kimoja. Lakini hakuna kinachokuzuia kuiandaa Jumapili ya Pentekoste, Idi au siku yoyote ndugu wanapokusanyika.

Kinachoharibu mlo huu ni kutaka kuupika wote asubuhi ileile. Meza ya Kiisraeli ni vibakuli vingi, na vingi kati yake ni vitamu zaidi vikilala. Ukipanga sawasawa, asubuhi ya sikukuu unabaki na kazi tatu tu: kuoka mkate, kukata saladi na kupasua mayai. Vipimo vya hapa chini vinawatosha watu sita hadi wanane.

Siku mbili kabla: mtindi uchujwe

Labane ni mtindi uliotolewa maji mpaka ukawa mzito wa kupaka. Ndiyo msingi wa meza nzima, na ndiyo itakayotengeneza keki ya jibini, kwa hiyo chuja mwingi.

Chukua lita 3 za mtindi mzito wenye mafuta yake yote, usiotiwa sukari wala ladha. Maziwa mgando ya Tanzania na mala ya Kenya yanafaa, ila ni mepesi zaidi na yatakupa labane kidogo, basi ongeza lita moja. Tandika kitambaa safi cha melimeli, kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, ndani ya chujio kubwa. Weka chujio juu ya bakuli refu, mimina mtindi, kunja pembe za kitambaa juu yake, kisha weka sahani na kitu kizito kiasi. Ingiza kwenye friji saa 24. Wa Dar es Salaam au Mombasa asijaribu kuuning'iniza jikoni usiku kucha, joto litauchachusha kupita kiasi.

Kesho yake utakuta labane ya kilo moja na robo hivi. Gawa mara mbili. Gramu 600 ziache bila chumvi kwa ajili ya keki. Zilizobaki tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, koroga, funika. Maji yaliyochuruzika usiyamwage.

Siku moja kabla, asubuhi: keki

Keki ya jibini ndiyo bibi harusi wa Shavuoti. Huko hutumia jibini nyeupe laini ya dukani, sisi tutatumia labane yetu, ambayo ina uchachu unaopendeza zaidi.

Ponda gramu 200 za biskuti kavu zisizo na krimu, changanya na gramu 90 za siagi iliyoyeyushwa, shindilia kwenye chombo cha kuokea cha sentimita 22. Katika bakuli, koroga gramu 600 za labane isiyo na chumvi, gramu 130 za sukari, vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mahindi wa kuleta uzito (kornifulawa), ganda la limau moja lililokwaruzwa na kijiko cha chai cha vanila. Mwisho tia mayai matatu, moja moja, ukikoroga polepole. Ukiyapiga kwa nguvu hewa itaingia, keki itaumuka tanurini kisha itapasuka ikipoa.

Oka kwa nyuzi 160 dakika 45 hadi 50. Kingo ziwe zimeshika, katikati patikisike kidogo ukiugusa upande wa chombo. Zima oveni, acha mlango wazi kidogo, keki ikae humo saa nzima. Baada ya hapo iende kwenye friji hadi kesho. Ukiikata siku hiyohiyo itamwagika. Uvumilivu wa usiku mmoja ndio unaoigandisha.

Asiye na oveni aoke kwenye sufuria nzito yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi kidogo juu, kama ziokwavyo keki za mkaa. Moto wa chini ukizidi, biskuti itaungua kabla katikati hapajashika.

Siku moja kabla, mchana: mchuzi, pilipili, ufuta na bilinganya

Anza na mchuzi wa shakshuka. Watu wengi hudhani shakshuka ni mayai yaliyotiwa nyanya. Ni nyanya zilizopikwa kwa subira, ambazo mwishoni hupewa mayai. Nyanya ikiwa mbichi au ya majimaji, yai haliwezi kuiokoa. Utahitaji:

- vijiko 5 vya chakula vya mafuta ya zeituni
- vitunguu maji 2 vikubwa
- pilipili hoho nyekundu 2
- punje 6 za kitunguu saumu
- kijiko cha chai kimoja cha bizari nyembamba (jira) iliyosagwa
- vijiko viwili vya chai vya paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha
- pilipili kali kadiri ya nyumba yako
- nyanya mbivu kilo moja na robo
- vijiko 2 vya chakula vya nyanya ya kopo
- chumvi, na sukari kidogo sana nyanya zikiwa chachu

Tumia kikaango kipana cha sentimita 30, kizito. Kaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vilegee na kuanza kupata rangi ya dhahabu, tia hoho zilizokatwa vipande vyembamba, endelea dakika kumi. Kitunguu saumu na viungo vije sasa, visikae zaidi ya dakika moja peke yao kwenye mafuta kwa sababu paprika huungua upesi na kuwa chungu. Tia nyanya ya kopo, ikaange kidogo, kisha nyanya ulizomenya na kukatakata. Punguza moto, acha bila kufunika.

Itachukua dakika 25 au 30, na saa haikusaidii kama macho. Buruta mwiko katikati ya kikaango. Njia ikijifunga papo hapo kwa maji, bado. Ikibaki wazi ukakiona kitako cha kikaango kwa sekunde mbili tatu, na mafuta mekundu yameanza kujitenga pembezoni, umefika. Onja chumvi sasa. Poza, funika, weka kwenye friji. Kesho utakuwa mzito zaidi, utauongeza maji ya moto kidogo ukiupasha.

Zugi ni ya dakika tano. Mafungu mawili makubwa ya giligilani (dania) pamoja na mabua yake laini, pilipili mbichi 5 hadi 8, punje 4 za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha jira, mbegu za iliki tatu zilizotwangwa, chumvi. Twanga kwenye kinu au saga kwa kuwasha na kuzima mashine, isiwe uji, kisha funika kwa mafuta ya zeituni. Washihiri wa pwani yetu na jamaa zao wa Aden wanaijua kwa jina la sahawik, kwa hiyo ukiwa Mombasa huenda jirani anayo tayari kwenye chupa. Usitie limau mpaka saa ya kula, majani yatapoteza kijani chake.

Ufuta sasa. Tahini, yaani rojo la ufuta uliosagwa, hupatikana ikiwa ya chupa kwenye maduka ya Waarabu na Wahindi na supamaketi kubwa, lakini nchi inayolima ufuta Lindi na Mtwara haina sababu ya kuikosa. Chukua gramu 250 za ufuta mweupe uliokobolewa, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, hadi utoe harufu na kabla haujabadilika rangi. Ufuta ukishakuwa kahawia, tahini itakuwa chungu. Usage ungali na joto, pamoja na vijiko vitatu au vinne vya mafuta yasiyo na harufu, ukisimama kukwangua kuta za mashine, mpaka uwe laini wa kumiminika. Hiyo ni tahini ghafi. Kuipeleka mezani, chukua kikombe kimoja, tia juisi ya limau moja, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na chumvi. Utaona inakakamaa ghafla na kushikamana na kijiko, wengi huitupa hapo wakidhani imeharibika. Endelea kutia maji ya baridi, kijiko baada ya kijiko, huku unapiga. Itaachia, itakuwa nyeupe na nyororo.

Bilinganya mbili kubwa zichome juu ya moto wa gesi au makaa mpaka ganda liungue kabisa na nyama ya ndani ilegee. Zimenye zikipoa, acha kwenye chujio zitoe maji machungu, kisha zikatekate kwa kisu. Kesho utazimwagia tahini juu.

Jioni: unga wa mkate

Hala ni mkate wa Sabato na sikukuu, unaosukwa. Changanya gramu 500 za unga wa ngano, gramu 7 za hamira, gramu 60 za sukari na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Tia mayai mawili, mililita 60 za mafuta na maji vuguvugu mililita 180. Kanda dakika kumi na zaidi, hadi unga uache kushika mikono na ukiuvuta usikatike upesi. Jadi ya hala haina siagi wala maziwa, ili uweze kuliwa hata na nyama. Upake mafuta, ufunike vizuri, uweke kwenye friji usiku kucha. Utaumuka taratibu humo na ladha itakuwa bora.

Ukiwa bado na nguvu, sambusa za jibini zinafaa. Wayahudi wa Iraki wanazo zao, nao huziita sambusak, hivyo hujalazimisha kitu. Chemsha lita 2 za maziwa mabichi, tia vijiko vinne vya siki, yakikatika chuja na kamua. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi hayakatiki vizuri. Changanya jibini hiyo na chumvi, nana na yai moja, funga kwenye manda, kaanga asubuhi. Ukiwa umechoka, ziache. Meza haitazikumbuka.

Asubuhi ya sikukuu

Tuseme wageni wanafika saa nne na nusu.

Saa moja na nusu toa unga kwenye friji. Ugawe mara tatu, viringisha kamba tatu za urefu wa sentimita 40, suka kuanzia katikati kwenda kila upande, bana ncha na uzikunjie chini. Acha uumuke kwa saa moja na nusu. Unga wa friji ni baridi, usiuharakishe. Paka yai lililopigwa, nyunyiza ufuta, oka kwa nyuzi 180 dakika 30 mpaka uwe wa kahawia na ukiugonga chini utoe mlio wa kitu chenye uwazi ndani.

Wakati mkate uko tanurini, panga vibakuli. Labane itandaze kwenye sahani bapa, chora mfereji kwa mgongo wa kijiko, jaza mafuta ya zeituni, nyunyiza zaatari. Zaatari ni mchanganyiko wa majani makavu ya jamii ya oregano, ufuta, sumaki (tunda jekundu chachu lililokaushwa na kusagwa) na chumvi. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai huipata kila duka. Aliye mbali nayo achanganye oregano kavu, ufuta uliokaangwa, chumvi na ganda la limau lililokwaruzwa. Haitakuwa ileile, ila itafaa. Zeituni, asali na siagi nazo zitoke sasa.

Palipobaki nafasi weka matunda. Kumbukumbu la Torati 8:8 hutaja mazao saba ya nchi ile: ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na asali, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa asali ya tende. Tende na komamanga tunazo pwani, zabibu zinalimwa Dodoma. Shavuoti ni sikukuu ya mavuno ya kwanza, na nyumba hupambwa kwa majani mabichi na maua. Matawi machache kwenye jagi yanatosha.

Samaki anaruhusiwa kwa Wayahudi wengi pamoja na maziwa, ingawa baadhi ya wenye asili ya nchi za Kiarabu hujizuia. Awe mwenye magamba na mapezi. Sato na sangara wanapita; sangara wa Ziwa Victoria huuzwa sana Israeli akiwa minofu iliyogandishwa, kwa jina la binti mfalme wa Nile. Kambare hana magamba, hapiti. Sato wa moshi aliyechambuliwa miiba na kuwekewa limau atatosha. Na ukimwalika mgeni anayeshika sheria hizi kikamilifu, muulize mapema. Kwake hata sufuria iliyowahi kupikia nyama ni tatizo, na huenda akapendelea matunda na chakula alichokuja nacho. Usikasirike.

Saladi ikatwe dakika kumi na tano kabla ya kula, si mapema zaidi. Matango manne, nyanya ngumu tano, kitunguu kimoja chekundu, kotimiri na nana. Inafanana na kachumbari lakini hukumu yake iko kwenye kisu: vipande vya nusu sentimita, vyote sawa. Toa mbegu za nyanya zikiwa za maji. Limau, mafuta ya zeituni na chumvi vije mwisho kabisa, ukiwa umeshika bakuli kulipeleka mezani.

Wageni wakishaketi na kuanza kuchovya mkate kwenye labane, ndipo uwashe moto wa shakshuka. Pasha mchuzi hadi utoe povu dogodogo, ongeza maji ya moto kidogo ukiwa umekaza. Pasulia kila yai kwenye kikombe kwanza, ili lililoharibika lisiangukie kwenye kazi ya jana. Fanya mashimo manane kwa mgongo wa kijiko na uteremshe yai moja kila shimo. Kwa uma, vuruga kidogo ute mweupe uchanganyike na mchuzi, bila kugusa kiini. Bila hivyo kiini huiva na juu pakabaki utelezi. Funika, moto mdogo, dakika tano hadi saba. Toa ute ukiwa umeshika na kiini kingali laini. Wajawazito, watoto wadogo na wazee wapewe yaliyoiva kabisa, acha mawili upande mmoja kwa dakika tatu zaidi.

Kikaango kiende mezani chenyewe, juu ya ubao. Usipakue jikoni. Weka zugi karibu, onya watoto.

Vinywaji visikusumbue: maji ya limau yenye nana nyingi na barafu, na kahawa nyeusi yenye iliki kwa waliokesha. Keki itoke mwisho, ikiwa baridi. Kata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, ukikifuta kila kipande.

Yale maji ya mtindi yatumie badala ya maji kwenye unga wa chapati za kesho. Mchuzi wa shakshuka uliobaki bila mayai hukaa siku tatu kwenye friji, na unakula vizuri na hizo chapati, ukiongezea bilinganya kama wageni wamekuachia.